Pampu Iliyokunywa Mto

Walikuja wanawake watatu na jembe moja. Ilikuwa asubuhi ya Oktoba, ukungu bado umelala bondeni, nami nipo ukingoni mwa kijito nafunga mpira wa pampu ya kumwagilia chai yangu. Aliyeshika jembe ni mama ninayemwita shangazi ingawa hatuna damu moja. Ana kinyungu chake, bustani ya bondeni, cha maharage na kabichi chini kabisa, karibu na daraja la miti.

"Kamwene," akasalimia. Nikaitika. Tukajuliana hali: za nyumbani, za watoto, za mama yangu na miguu yake inayouma. Kila kitu kwa utaratibu, kama inavyotakiwa huku kwetu hata mtu akija kukushtaki. Ndipo akasema, "Mwanangu, jana mchana maji yalikatika. Tumepanda na kijito kuangalia yamekatikia wapi. Tumefika kwako."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno tayari: kijito ni cha wote, mashamba makubwa yanavuta maji mengi kuliko mimi, na pampu yenyewe ni ya inchi mbili tu, kitu cha kubeba kwa toroli. Lakini nilipotazama chini ya viroba vya mchanga nilivyopanga kutengeneza dimbwi langu, mawe yalikuwa makavu na samaki wadogo wamekufa katikati yake. Nikanyamaza. Siku ile sikuwasha pampu.

Walipoondoka nilifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya kabla ya kutoa hela yangu dukani. Nilitoa viroba nikaacha kijito kitulie, nikaazima kipande cha bati kwa jirani, nikakikunja kama mfereji, nikakiweka mahali kijito kinapobana na kuziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi ili maji yote yapite juu ya bati. Nikaweka ndoo ya lita 20 chini yake na simu mkononi. Ndoo ilijaa kwa sekunde 11. Nikarudia mara tano. Sekunde 11, 12, 11, 11, 10.

Lita 20 kwa sekunde 11 ni lita 1.8 kwa sekunde. Basi. Huo ndio mto niliokuwa naugombania. Kwenye kibati cha pampu imeandikwa lita 500 kwa dakika, ila hiyo ni pampu ikisukuma maji kwenye tambarare. Kwa mwinuko wa shamba langu haipati hata zaidi ya nusu: tuseme lita 250 kwa dakika, yaani lita 4 na kitu kwa sekunde. Kwa hiyo kila nilipowasha, pampu ilikuwa inakunywa kijito chote na kudai kingine cha ukubwa uleule na zaidi. Tofauti ilitoka kwenye dimbwi. Nikizima baada ya saa tatu, dimbwi lilihitaji saa nne nyingine kujaa tena kabla halijaachia hata tone. Jumla saa saba za mchana, shangazi anatazama mchanga.

Sasa niwaeleze kwa nini nilikuwa na pampu.

Shamba liko Mufindi, upande wa Luhunga. Ni eka moja ya chai aliyoiacha baba, ya mbegu, mashina manene kama paja, na robo eka niliyopanda mimi kwa miche ya vipandikizi, mashina 1,089 kwa nafasi ya futi nne kwa mbili na nusu. Mvua si haba kwetu. Tatizo ni kalenda. Inakuja mwishoni mwa Novemba au Desemba, inatuaga Mei, na katikati hapo chai inaishi kwa ukungu, umande na akiba ya ardhini. Ukipita barabarani Septemba unaona mashamba makubwa ya kijani, mabomba yanazunguka na kurusha maji, halafu unafika kwa mkulima mdogo, chai imekunja uso. Nilikua nikiamini tofauti kati yetu na wao ni bomba. Nikauza ng'ombe, nikaenda duka moja mjini, muuzaji akaniambia pampu hii itanitosha na kubaki. Kwa hilo la kubaki hakusema uongo.

Msimu wa kwanza nilimwagilia kuanzia Juni. Nilikuwa naona fahari, nakiri. Maji yakirushwa juu kwenye jua la asubuhi yanatoa upinde wa mvua, watoto wanakuja kucheza, na mtu anajiona naye sasa ni shamba kubwa. Chai haikusema kitu. Juni, Julai, nachuma kikapu kilekile ninachochuma kila mwaka wakati wa baridi. Nikaongeza maji.

Baada ya aibu ya kijito nikaanza kupima kila kitu, kama mtu aliyegundua mkewe anajua siri yake. Nilikusanya makopo ya maziwa ya unga, 12, yaliyonyooka ubavu na ya upana mmoja, nikayapanga kwa mstari juu ya meza ya chai, yaani uso bapa wa juu ya mashina, kutoka kwenye kinyunyizio kwenda nje. Nikawasha kwa saa tatu alasiri moja yenye upepo wa kawaida, siku ambayo tulikubaliana na watu wa chini. Kisha nikapita na rula ya shule ya mwanangu. Kopo la karibu lilikuwa na milimita 16. La katikati 9. La pembeni upande wa upepo 4, na moja lilikuwa na majani mawili makavu na hewa. Nilirudia alfajiri bila upepo. Makopo yakakaribiana zaidi, na jumla ya maji ikapanda, maana alasiri sehemu nzuri ilikuwa inapeperushwa kwenda kumwagilia mikaratusi ya jirani.

Kwenye maungio moja ya mpira palikuwa pakivuja kidogo. "Kidogo" ndivyo nilivyokuwa nasema. Niliweka ndoo chini yake, ikajaa kwa dakika mbili. Kwa saa tatu ni lita 1,800, karibu matanki mawili ya lita elfu moja, na shangazi yangu anachota kwa kopo. Ungio lile lilitengenezwa kwa kipande cha tairi la baiskeli na waya.

Anayetaka kuelewa maji shambani hana budi kuizoea milimita. Sisi wakulima wadogo tunafikiri kwa ndoo na kwa muda: "leo nimepiga maji saa mbili." Hiyo haielezi kitu. Milimita moja ya maji juu ya eka moja ni lita 4,000 na kidogo. Chai iliyofunika ardhi vizuri, siku ya jua kavu, hutumia milimita tatu hadi nne. Kwa hiyo eka moja inakunywa lita 12,000 hadi 16,000 kwa siku, na mtu anayekuambia tanki lake la lita 1,000 linamwagilia eka ya chai iliyokomaa, anakupa robo milimita na maneno mengi. Lita 45,000 nilizokuwa narusha kwa saa tatu zilikuwa milimita 11 kwenye makaratasi, pungufu ya hapo kwenye makopo. Siku tatu za kiu ya chai. Kwa petroli ile na ugomvi ule.

Lakini swali lililonisumbua zaidi lilikuwa la Juni. Kwa nini chai haikuitikia?

Jibu nililipata kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kupima mvua Ngwazi, kile kituo cha utafiti wa chai kilichopo hapa hapa Mufindi, ambako miaka ya 1980 na 1990 walifanya majaribio ya umwagiliaji yanayosomwa mpaka leo na watu wa chai duniani. Alinisikiliza, akacheka hadi akakohoa. "Wewe ulikuwa unampa maji mtu aliyelala." Chipukizi la chai halirefuki kukiwa na baridi ya nyuzi 12 au 13 kushuka chini. Kipupwe chetu kinazungukia hapo hapo. Usiku kinashuka zaidi. Juni na Julai kinacholizuia jani lisitoke ni baridi, wala si ukavu, na huwezi kuipasha chai moto kwa maji ya kijito. Mashamba makubwa huanza mapema kwa sababu zao: wana hekta nyingi za kuzungukia, wakisubiri Septemba hawataweza kuziba upungufu wa kila kipande kwa wakati. Mimi mwenye eka moja naweza kuizunguka yote kwa siku chache. Nilikuwa nimeiga mwendo wa tembo kwa miguu ya sungura.

Na kuna upande wa pili, wa Oktoba. Joto limerudi, maji unayo, ila mchana hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Watafiti waliofanya kazi Mulanje, Malawi, miaka ya 1970 walionyesha kwamba hewa ikikauka kupita kiasi fulani, walikitaja kuwa kilopaskali 2.3 za upungufu wa mvuke, chipukizi linapunguza kukua hata kama mizizi imeloa. Nimeliona hilo kwa macho bila kipimo chochote: saa nane mchana jani limelegea juu ya udongo mbichi, jioni limesimama lenyewe. Zamani ningekimbilia pampu. Sasa naendelea kupalilia.

Mzee akaniambia jambo moja zaidi, nichimbe. Nikachimba shimo kwenye chai ya baba, katikati ya mistari, Septemba, siku kama 120 tangu mvua ya maana. Futi moja ya juu vumbi. Futi ya pili udongo unavunjika. Kufika kiunoni, nikashika donge, nikalibana, likakaa na alama za vidole vyangu. Na mizizi ilikuwa bado inashuka, myembamba, rangi ya kahawa, inakwenda chini nisikoweza kuifuata kwa jembe. Chai iliyokomaa kwenye udongo wetu mzito mwekundu hupeleka mizizi mita kadhaa. Ilikuwa na benki yake huko chini muda wote niliokuwa naizungushia mabomba.

Nikahamia kwenye robo eka yangu. Kwenye kina cha goti palikuwa pakavu, na mizizi imeishia hapo hapo. Utafiti wa Ngwazi uliochapishwa mwaka 2001 uliziweka chai changa na iliyokomaa kwenye ukame na kuzilinganisha: changa ndiyo iliyoumia vibaya, na sababu ni hiyo niliyoishika mkononi. Mimi nilikuwa nafanya kinyume. Maji mengi kwa mzee mwenye akiba, machache kwa mtoto asiye na kitu, kwa sababu chai ya mzee ndiyo inayoonekana barabarani.

Na hayo machache yenyewe nilikuwa namrushia mtoto kwa kinyunyizio, shina moja lenye upana wa sahani katikati ya ardhi tupu. Sehemu kubwa ya maji yalikwenda kwa magugu. Magugu yangu ya mwaka ule yalikuwa na afya kuliko mifugo ya kijijini.

Hesabu mpya ilikuwa hivi. Kila mche lita tatu, mara mbili kwa wiki. Miche 1,089 inahitaji lita 6,500 hivi kwa wiki. Pampu ilikuwa inamaliza kiasi hicho kwa dakika 26. Nikaligawa shamba mafungu matatu, fungu moja kila jioni, siku sita, Jumapili tunapumzika wote na kijito. Fungu moja ni kama lita elfu moja na kidogo: tanki moja. Nikaliinua tanki kwenye kichuguu juu ya shamba, nikavuta mpira wa inchi moja kutoka juu zaidi ya kijito, maji yakashuka yenyewe bila petroli. Kijito kile, kwa kipimo changu cha Oktoba ile, kilikuwa kinapitisha zaidi ya lita 150,000 kwa siku. Mimi nachukua elfu moja.

Kutoka kwenye tanki, mipira ya matone. Hapa nilipata matumaini kutoka Njombe. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Chai Tanzania, Julius Kigalu na wenzake, walijaribu matone kwenye chai ya Kibena na mwaka 2008 wakachapisha matokeo: akiba ya maji ilifika asilimia 50, na kazi ya kumwagilia ikapungua kwa asilimia 85. Wasichoweza kukuambia ni maisha ya mipira hiyo mikononi mwa mtu aliyeinunua bila chujio kwa sababu muuzaji alisema "maji ya huku ni safi, kaka." Maji ya huku ni safi kwa kunywa. Kwa kitundu cha upana wa sindano yana kutu, yana ute wa kijani, yana mayai ya sijui nini. Wiki ya tatu nusu ya matundu yalikuwa yamefumba. Chujio langu la kwanza lilikuwa soksi. La pili lilikuwa soksi mbili. La tatu nilinunua, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko miche niliyoipoteza. Sasa kila Jumamosi nafungua ncha za mipira, maji mekundu yanatoka, nasubiri yaje meupe, nafunga. Na mipira nimeilaza kukingama mteremko. Mwanzoni niliishusha na mteremko, mche wa chini ukaoga na wa juu ukabaki kulamba.

Lakini kitu kilichookoa maji mengi kuliko mpira wowote hakikuuzwa dukani. Ni matawi. Tukipogoa chai ya baba, matawi yote yalikuwa yanakwenda jikoni, maana kuni za chai zinawaka vizuri na mama hataki kusikia habari nyingine. Tulizungumza naye, tena si mara moja. Hatimaye tukakubaliana nipande mistari miwili ya migrevilea mpakani kwa ajili ya kuni, nayo matawi yabaki shambani. Niliyatandaza kati ya mistari ya miche, juu yake majani ya gwatemala niliyoyakata pembeni ya mtaro. Mwezi mmoja baadaye nilifunua tandazo kwa mkono: chini yake udongo ni baridi na kuna nyungunyungu. Hatua moja pembeni, palipobaki wazi, unaweza kupiga ngoma. Nimepunguza lita tatu kuwa mbili kwenye mafungu yaliyofunikwa, na sijaona tofauti kwenye jani.

Ugomvi wa kijito ulitufikisha kwenye kikao. Mwenyekiti wa kitongoji alituita chini ya mparachichi wake, mimi upande mmoja, wenye vinyungu upande mwingine. Nilidhani nitasomewa sheria, na kweli ipo: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka anayevuta maji ya mto kwa shughuli kama yangu awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, kwetu Bonde la Rufiji. Sikuwa nacho. Ila Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kinyungu kwa asili yake kinakaa mtoni. Kwa hiyo pande zote mbili tulitazamana, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kwenda ofisini. Tukamalizana pale pale. (Kibali niliomba baadaye. Fomu inauliza lita ngapi kwa siku, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa najua jibu.)

Mzee mmoja akakumbusha habari ya vyura wa Kihansi. Watanzania wengi tunaikumbuka kama kichekesho: mto umezuiwa kwa ajili ya umeme, vyura wadogo walioishi kwa manyunyu ya maporomoko wakakauka, mwaka 2000 wakapandishwa ndege kwenda Marekani, na pale korongoni wakafungiwa vinyunyizio vya kuiga manyunyu ya maporomoko. Watu wakacheka chini ya mparachichi. Shangazi hakucheka. "Vyura walifungiwa maji," akasema, "mimi nimefungiwa na mtoto wangu."

Tulikubaliana hivi: matone ya jioni hayana mgogoro. Pampu, kwa chai ya baba, ni Septemba na Oktoba tu, Alhamisi usiku tu, na kabla ya kuiwasha napima ndoo. Ikizidi sekunde 15, siwashi.

Niseme na hili, maana bila hilo hesabu zote ni nusu. Jani bichi la chai ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Mwaka juzi tulikuwa na Novemba nzuri, tukachuma, tukajaza magunia, tukapeleka kituoni, na gari la kiwanda halikuja siku hiyo wala kesho yake. Jani likapata moto ndani ya magunia, likawa jekundu, tukalimwaga. Nilisimama pale nikapiga hesabu ya zile lita: zilivyopita kwenye bati, kwenye chujio, tone kwa tone hadi kwenye jani, halafu zinatiririka nyeusi kutoka kwenye rundo la uozo nyuma ya banda. Semina za kubana matumizi ya maji nimehudhuria. Ya kubana uchelewaji wa gari bado sijaalikwa.

Mwaka jana Oktoba, Alhamisi ya pili, nilishuka kijitoni jioni na ndoo yangu. Ng'ambo ya pili shangazi alikuwa anamalizia kumwagilia kabichi kwa kopo. Hakuuliza habari, tulishaonana asubuhi.

"Ngapi?" akapaza sauti.

Nilipima mara tatu, nikitumaini simu imekosea. "Kumi na saba!"

Akainama, akaendelea na kabichi zake. Nilikunja mpira, nikaupandisha begani. Chai ya baba haikupata maji mwezi ule wote, ikakunja uso, ikaangusha majani ya chini. Mvua ilikuja wiki ya kwanza ya Desemba, na kufikia Krismasi tulikuwa hatufiki mwisho wa shamba kwa kuchuma kabla mistari ya mwanzo haijatoa tena.